Kuchagua mtutu wa bunduki ya rangi kwa shabaha bora: mwongozo kamili kwa wachezaji wa Mwanza

Vijana wanaoanza peintiboli, mchezo wa kulengana kwa bunduki za rangi, hapa Mwanza karibu wote huniuliza swali moja: "Kaka, ninunue mtutu wa inchi ngapi ili nilenge vizuri?" Nami huwauliza: gololi zako, yaani vile vidude vya mviringo vyenye rangi unavyopiga, zina kipenyo gani leo? Wengi hushangaa, kwa sababu boksi limeandikwa .68 na wanaamini namba hiyo haibadiliki. Inabadilika, na hapa kando ya ziwa inabadilika kuliko watu wanavyodhani.

Mtutu haulengi peke yake. Unachotafuta ni tundu linalolingana na gololi utakayopiga siku hiyo, kwenye hali ya hewa ya siku hiyo. Ukilielewa hilo, hutampa mtu fedha nyingi kwa ajili ya bomba refu linalong'aa, na utaona kwa nini mwenzako mwenye bunduki ya bei nafuu anakupiga kila mara.

Kwanza elewa mtutu unafanya nini

Gololi ya kawaida ina kipenyo cha inchi .68, yaani karibu milimita 17.3, na uzito wa takriban gramu 3. Ganda lake ni jelatini, na ndani kuna kimiminika kizito cha polietilini glaikoli kilichotiwa rangi. Ni ufundi uleule wa vidonge laini vya dawa, kama vile vya mafuta ya samaki vinavyouzwa famasi. Kila gololi ina mshono pale nusu mbili za ganda zilipokutana. Kwa hiyo kinachopita ndani ya mtutu si tufe kamili, wala si kitu kigumu. Ni kifuko cha kimiminika, na kinaweza kubonyea, kuvimba au kupasuka.

Hapo ndipo unapoona kwa nini michirizi ya ndani, kama ile ya bunduki ya kivita, haikusaidii sana. Michirizi huizungusha risasi ya madini ikaenda imetulia kwa sababu risasi ile ni ndefu na ngumu. Gololi ukiizungusha ganda, kimiminika cha ndani hakizunguki sawa nalo, na mzunguko unakufa mapema. Kuna risasi za rangi za First Strike zenye mapezi nyuma, lakini hizo zinahitaji bunduki za kulishwa kwa magazini na ni somo jingine.

Mtutu mzuri unafanya mambo matatu tu. Unaitoa gololi kwa kasi inayofanana kila unapofyatua, unaitoa bila kuipasua, na unaitoa bila kuizungusha ovyo upande mmoja. Kasi ndiyo inayosahaulika zaidi. Viwanja vingi duniani haviruhusu kuzidi futi 300 kwa sekunde, karibu mita 91, na vingine hushuka hadi 280 au chini ya hapo. Chukua bunduki iliyowekwa 280 ambayo risasi moja inatoka 270 na inayofuata 290. Kwa umbali wa mita 30, gololi hizo mbili zitapishana kwa kimo zaidi ya sentimita 10, ingawa mkono wako haukutikisika hata kidogo. Kofia ya mtu aliyejificha nyuma ya jiwe haina nafasi ya kusamehe sentimita 10.

Hapa Mwanza tuna jambo moja la kutufurahisha. Ziwa liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. Gololi inapoteza kasi polepole zaidi, hivyo kwa mita 30 inashuka kidogo kuliko ingeshuka Pwani. Kipima kasi hakitakuonyesha tofauti hiyo, kwa sababu kinapima mdomoni mwa mtutu. Mgeni wa Dar aliyezoea kulenga juu kidogo ataona anapitiliza.

Hesi kabla ya kitu kingine chochote

Hesi ni zile nyuzi za kufungia mtutu kwenye bunduki, na hazifanani. Kabla hujatazama rangi wala urefu, jua bunduki yako inatumia hesi gani. Iliyoenea zaidi leo inaitwa Autococker: bunduki nyingi za Planet Eclipse, Dye na Empire zinaitumia, ikiwemo EMEK ambayo wanaoanza wengi huinunua. Bunduki nyingi za Spyder zina hesi yao wenyewe. Tippmann 98 ina yake, na Tippmann A-5 pamoja na X7 wana nyingine kabisa inayofungwa kwa kuzungusha kidogo tu. Ukinunua usiyoihitaji, utakuwa na bomba zuri la kuning'iniza ukutani.

Adapta zipo na zinafanya kazi, ila kila kiungo unachoongeza ni sehemu nyingine ya kulegea. Mafundi wa kerezo wa Nyakato wanaweza kukutengenezea adapta ya aluminiamu ukiwapelekea vipande vyote viwili, na wengi wao ni hodari kweli. Usiwaombe wakutobolee mtutu wenyewe. Tundu la mtutu mzuri limesuguliwa kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu ya inchi kutoka mwanzo hadi mwisho, na kerezo ya kawaida ya karakana haikuundwa kwa kazi hiyo.

Pima gololi

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Ukikosa fedha ya mtutu mpya, ifanye hata hivyo kwa mtutu ulio nao.

Nunua kalipa ya kidijitali, kile kifaa cha kupimia kipenyo, inayosoma hadi sehemu ya mia ya milimita. Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya mafundi. Chukua gololi kumi kutoka sehemu mbalimbali za mfuko, si zile za juu tu. Pima kila moja mara mbili: mara moja juu ya mshono, kisha igeuze upime kukatisha mshono. Usiibane, jelatini inabonyea na kalipa itakudanganya. Midomo ya kalipa iiguse tu. Andika namba zote.

Utaona mambo mawili. La kwanza ni wastani: 17.25 ni sawa na inchi .679, 17.37 ni .684, 17.50 ni .689, na 17.65 ni .695. La pili, na kwangu ni zito zaidi, ni jinsi namba zinavyotawanyika. Gololi moja ikisoma 17.30 upande mmoja na 17.60 upande mwingine, imekuwa yai. Mfuko wenye mayai mengi hauna mtutu wa kuuponya, hata ule wa bei ghali kuliko bunduki yenyewe. Biringisha gololi juu ya kipande cha kioo kilichonyooka: iliyo nzima inakwenda moja kwa moja, iliyoharibika inayumba. Zinazoyumba, zenye vidimbwi na zinazonata, zitenge kwa mazoezi ya karibu.

Sababu ya kulisisitiza hili ni safari na hewa. Gololi zinazofika hapa zimekaa kwenye kontena, zikashuka bandarini, kisha zikapanda lori zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar. Zilizo chini ya boksi zimebebeshwa mzigo njia nzima. Zikishafika, zinakutana na unyevu wa ziwa. Jelatini inanyonya maji kutoka hewani: wakati wa vuli na masika gololi iliyoachwa wazi inavimba na ganda kulainika, na wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ganda linakauka na kuwa jepesi kuvunjika. Mfuko mmoja uliofunguliwa mwezi wa Julai na kumaliziwa Novemba unaweza kukuhitaji kipenyo tofauti kabisa.

Kwa hiyo zihifadhi ndani ya nyumba, kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mahali penye kivuli na ubaridi wa kawaida. Friji haifai. Geuza ndoo kila baada ya siku chache ili zisilalie upande mmoja zikabonyea. Usiziache kwenye gari wakati unakula samaki ufukweni. Nusu saa ya jua la saa nane mchana nyuma ya kioo inatosha kuzilainisha. Usiweke hopani, yaani kwenye chombo kinacholisha bunduki, gololi nyingi kuliko utakazopiga mchezo huo.

Kipenyo cha tundu

Sasa una namba, linganisha na mtutu. Kipimo cha zamani cha kupuliza bado ni bora kuliko maneno ya muuzaji. Fungua mtutu kutoka kwenye bunduki kabisa, uusafishe na kuukausha, kisha tia gololi upande wa nyuma. Ikidondoka yenyewe na kutokea mbele, tundu ni kubwa mno. Ikikaa, puliza kwa mdomo. Ikitoka kwa pumzi ya kawaida, kama unavyopuliza mkaa kwenye jiko, tundu linalingana. Ikikataa hadi mashavu yaume, tundu ni dogo.

Tundu kubwa lina tabu mbili. Gesi inapita pembeni ya gololi, kila risasi inapoteza kiasi tofauti, na kasi inapanda na kushuka. Tabu ya pili inawahusu watu wa Mwanza zaidi ya wachezaji wa uwanja tambarare. Tunacheza kwenye mawe. Nusu ya muda uko juu ya jiwe unamlenga mtu aliye chini, mdomo wa mtutu umeinama. Gololi iliyolegea inateleza mbele, inapita vile vizuizi vidogo vinavyopaswa kuishika, na unapofyatua, gesi inaikuta mbali. Inatoka dhaifu na kuanguka njiani. Watu hudhani gesi imeisha au bunduki imeharibika, wakati ni tundu tu limepwaya. Kagua vizuizi hivyo pia. Ni vipande vidogo vya mpira au plastiki, vinachakaa, na kuvibadilisha ni rahisi.

Tundu dogo kidogo kuliko gololi lina watetezi wengi siku hizi, nami ni mmoja wao. Gololi haitelezi, gesi inatumika vizuri na kasi inatulia. Ukiwa na gololi ya .684, tundu la .682 au hata .679 linaweza kukupa namba nzuri sana kwenye kipima kasi. Hatari yake ni ganda kavu la kiangazi: linapobanwa linapasuka ndani. Zikianza kupasuka, panda hatua moja ya kipenyo.

Ndiyo maana ninashauri seti yenye mirija ya ndani inayobadilishwa badala ya mtutu mmoja wa kipenyo kimoja. Seti ya Freak ndiyo maarufu zaidi: mirija yake kamili inakwenda .679, .682, .684, .687, .689, .691, .693 na .695. Huhitaji yote. Kwa gololi nyingi za sasa, tatu zinatosha kuanzia: .679, .682 na .684, na ya nne ya .687 kwa miezi ya mvua. Seti ya Shaft ya Planet Eclipse nayo ina sehemu za nyuma za vipenyo tofauti. Ukiweza kununua mtutu mmoja tu, pima gololi unazopata mara kwa mara, uchague kipenyo kinacholingana nazo au kilicho chini kwa hatua moja.

Urefu

Gololi inamaliza kupata karibu kasi yake yote ndani ya inchi nane za mwanzo. Baada ya hapo mtutu unaiongoza tu na kupunguza kelele. Inchi 16 au 18 haziongezi shabaha. Zinaongeza msuguano na kula gesi, na ukizunguka jiwe, mdomo wa mtutu unatangulia kuonekana kabla yako. Inchi 12 hadi 14 ndizo ninazopendekeza. Kwa uwanja wa miamba iliyobanana kama huku Ilemela, 12 inatosha kabisa. Mtu anayelala muda mrefu nyuma ya kichaka na kusukuma majani kwa mtutu anaweza kufurahia 14.

Madini na matundu ya pembeni

Sitakaa sana hapa. Aluminiamu ni nyepesi, haishiki kutu, na bei yake ni ya kibinadamu. Chuma cha pua ni kigumu na kizito. Nyuzi za kaboni ni nyepesi kuliko vyote na ni ghali. Gololi haijui tofauti, mradi ndani pawe laini na pamenyooka. Matundu madogo ya pembeni kuelekea mdomo hupunguza mlio. Yakiwa mengi na yakianza mapema mno, yanatoa gesi kabla haijamaliza kazi. Pitisha kijiti chenye pamba ndani ya mtutu kabla ya kuununua kwa mkono wa pili: pamba ikinasa kwenye tundu lolote, ukingo wake una makali na utakata gololi.

Mitutu iliyopinda au yenye kizuizi mdomoni, kama Flatline ya Tippmann na Apex, huipa gololi mzunguko wa kurudi nyuma ili iende mbali ikiwa imenyooka. Umbali unaupata kweli. Shabaha ya karibu na ya kati inapungua, na kwa michezo yetu ya mita 15 hadi 30 siuoni umuhimu wake.

Jaribio la uwanjani

Mtutu umefika. Usiupeleke kwenye mchezo moja kwa moja. Nenda asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Chagua mahali penye ukingo wa udongo au jiwe kubwa nyuma ya shabaha, na kamwe usielekeze upande wa maji: gololi iliyopigwa juu inaweza kwenda zaidi ya mita 80, na kwenye ziwa hili daima kuna mtumbwi. Kila aliyepo avae barakoa ya peintiboli, akiwemo anayeandika namba. Miwani ya jua haikingi chochote. Mtutu ubaki na kifuko chake cha mdomoni mpaka kila mtu yuko nyuma ya mstari.

Weka bunduki juu ya kiroba cha mchanga. Piga kumi mbele ya kipima kasi na uandike kila namba. Tofauti ya ya juu kabisa na ya chini kabisa ndiyo alama yako. Kwa bunduki nzuri ya kielektroniki natarajia ibaki ndani ya futi 10 kwa sekunde; kwa ya mekanika ya bei nafuu, 20 bado inavumilika. Kisha tundika kipande cha boksi mita 25 mbele, piga kumi bila kubadilisha ulengaji, upime upana wa kundi la madoa. Badilisha mrija wa ndani tu, kila kitu kingine kibaki vilevile, urudie. Mrija wenye kundi dogo zaidi ndio wako kwa gololi hizo, hata kama kalipa ilikuambia mwingine.

Ukitumia gesi ya kaboni dayoksaidi, rudia kupima kasi saa sita mchana. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi mtungi wake una msukumo wa kama psi (pauni kwa inchi ya mraba) 830. Kwa nyuzi 30 unafika karibu 1,050. Mtungi ulioegeshwa juu ya jiwe la moto unaweza kuipeleka bunduki iliyopimwa salama asubuhi juu ya kikomo cha futi 300, na hiyo ni hatari kwa mwenzako kabla ya kuwa tatizo la shabaha. Hewa iliyoshindiliwa yenye regyuleta, kifaa cha kusawazisha msukumo, ni tulivu zaidi. Ukipata pa kuijaza, nenda nayo hiyo.

Hata mtutu bora wenye gololi mpya hautakupa uhakika wa risasi moja kwa mtu aliye mita 50. Mchezo wa kwanza kabisa wa peintiboli, Juni 1981 kule Henniker, New Hampshire, ulichezwa kwa bastola za Nel-Spot 007 zilizotengenezwa kuweka alama kwenye miti na mifugo, kifaa ambacho mfugaji wa Usukumani angekielewa mara moja. Mshindi, Ritchie White, hakupiga risasi hata moja. Alijua kutembea msituni na kutoonekana. Kwa hiyo fedha ikibaki baada ya seti ya mirija mitatu, itie kwenye gololi bora na barakoa isiyoshika ukungu.

Usafi

Gololi moja ikipasuka ndani, zinazofuata zitapinda kulia na kushoto mpaka utoe rangi yote. Beba kamba ya kusafishia, ile unayoivuta kutoka nyuma kwenda mbele, na kitambaa kikavu. Vuta, kisha kausha. Unyevu uliobaki unashika ganda la gololi inayofuata. Vumbi la changarawe ya miamba yetu linakwaruza aluminiamu, hivyo osha kwa maji ya uvuguvugu nyumbani, bila mafuta wala petroli. Oringi (pete za mpira) za mirija ya ndani zikikatika, mirija itatikisika, na vipimo vyako vyote havitakuwa na maana.

Kuagiza

Vifaa hivi kwa kawaida vinaagizwa nje. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mzigo wenye umbo la bunduki au sehemu yake unaweza kusimamishwa forodhani. Nenda kituo cha polisi na ofisi ya TRA uulize kabla ya kulipa, ukiwa na picha na maelezo ya kifaa. Kwa muuzaji, andika ujumbe wenye mambo manne: jina la hesi, vipenyo vya mirija unayotaka, urefu wa inchi 12 au 14, na kwamba unahitaji oringi za akiba. Akikujibu bila kutaja vipenyo, mwombe tena. Asiyejua kipenyo cha anachouza, tafuta mwingine.